Seli Shina: Aina Zake, Tiba Iliyothibitika na Tahadhari kwa Mgonjwa

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka 7 mwenye selimundu, akilia kwa maumivu ya mifupa. Nilipouliza kuhusu dawa, alitoa mkobani pakiti ya unga iliyoandikwa kuwa ina seli shina. "Daktari, niliambiwa huu unaondoa selimundu yenyewe, si maumivu tu," alisema. Kwa wiki 6 alikuwa ameacha kumnunulia mtoto haidroksiurea ili apate fedha za unga huo.

Mama huyu hakuwa mjinga. Alikuwa amesikia jambo la kweli, kwamba seli shina zinaweza kuponya selimundu, kisha akauziwa kitu kisichohusiana na ukweli huo. Makala haya yanakusudia kumwezesha msomaji kutofautisha mambo hayo mawili.

Seli shina ni nini?

Seli nyingi za mwili zina kazi moja tu. Seli ya msuli hukaza, seli nyekundu ya damu hubeba oksijeni. Seli shina ina sifa mbili za pekee: hujigawa na kutoa seli shina nyingine mfano wake, na pia huzaa seli zinazokomaa na kupata kazi maalumu. Mfano wake ni mgomba. Mkungu ukivunwa, mgomba hukatwa, lakini shina lililo ardhini huendelea kutoa machipukizi. Seli nyekundu huishi takriban siku 120 tu. Hatuishiwi damu kwa sababu seli shina zilizo katika uloto, yaani ute ulio ndani ya mifupa, huzaa nyingine kila siku.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1961 mjini Toronto, Kanada, na James Till na Ernest McCulloch. Waliwadunga seli za uloto panya walioharibiwa uloto wao kwa mionzi, wakaona vinundu vya seli mpya za damu vikiota katika wengu.

Aina za seli shina

Seli shina za kiinitete hupatikana katika kiinitete cha siku chache tangu kutungwa kwa mimba, nazo zinaweza kuwa karibu seli yoyote ya mwili. James Thomson wa Marekani alizikuza maabarani kutoka kwa binadamu mwaka 1998. Kwa kuwa kuzipata huharibu kiinitete, matumizi yake yamezua mjadala mkubwa wa kimaadili.

Seli shina za tishu humo ndani ya mwili uliokwisha kuumbika, mathalani katika uloto, ngozi na utumbo. Uwezo wake una mipaka: za uloto huzaa damu, za ngozi huzaa ngozi. Damu ya kitovu, ambayo kwa kawaida hutupwa pamoja na kondo la nyuma, nayo ina seli shina za damu. Ilitumika kwa mara ya kwanza katika upandikizaji mjini Paris mwaka 1988.

Aina ya tatu hutengenezwa maabarani. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alichukua seli za ngozi ya panya, akaziingizia jeni 4, nazo zikarejea katika hali inayofanana na ya seli za kiinitete. Mwaka uliofuata ilifanyika hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 alipata Tuzo ya Nobel. Matumizi yake mengi bado yamo katika utafiti.

Tiba iliyothibitika

Tiba kongwe na yenye ushahidi mwingi zaidi ni upandikizaji wa uloto. Hutumika kwa baadhi ya saratani za damu na tezi, uloto ulioshindwa kufanya kazi, thalasemia na selimundu. Katika baadhi ya saratani, mgonjwa hurudishiwa seli shina zake mwenyewe baada ya kupewa dozi kubwa ya dawa za saratani. Katika selimundu hali ni tofauti: seli zake mwenyewe zina hitilafu ileile ya jeni, hivyo huhitajika za mtu mwingine. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa.

Mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kuuondoa uloto wake, ndipo seli za mchangiaji hutiwa kwenye mshipa kama damu. Huchukua takriban wiki 2 hadi 4 kuanza kuzaa damu, na katika muda huo maambukizi madogo yanaweza kuua. Seli za mchangiaji pia zinaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa, na dawa zilizotumika zinaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Kwa sababu hiyo si kila mgonjwa anafaa kupandikizwa. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma hii mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imewapandikiza watoto wenye selimundu tangu mwaka 2023.

Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuzihariri jeni za seli shina za mgonjwa mwenyewe wa selimundu, ili atengeneze tena himoglobini ya aina aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Nayo huhitaji dawa kali na gharama yake ni kubwa mno.

Kwa nini unga hauponyi

Sasa sababu iko wazi. Seli shina ni kitu hai, haiwezi kuishi ndani ya unga mkavu. Hata ingekuwa hai, tumbo lingeimeng'enya kama chakula. Na hata ingefika katika damu, ingehitaji kulingana na mgonjwa na kupata nafasi katika uloto.

Sindano zisizothibitishwa zina hatari zaidi. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine liliripoti wanawake 3 waliotibiwa Florida, Marekani, walioharibika vibaya uwezo wa kuona baada ya kudungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao.

Mgonjwa anayeahidiwa tiba ya seli shina aulize: seli zinatoka wapi? Zimelinganishwa na mwili wangu? Mamlaka ya dawa imeidhinisha? Kama ni utafiti, kwa nini ninalipishwa? Kitu kimoja kikidaiwa kutibu kisukari, kiharusi na selimundu kwa pamoja, asilipe. Mhudumu wa afya naye aulize bila kukemea, kwani mgonjwa aliyekemewa huficha.

Mtoto yule alirejea kwenye haidroksiurea. Dada yake alipimwa, hakulingana naye. Mama alipopewa majibu alinyamaza kwa muda, kisha akauliza tarehe ya kliniki ijayo. Hajakosa kliniki tangu siku hiyo.