Usitie Kinyongo Kwenye Chupa ya Jemu

Mdogo wangu, vuta kigoda ukae. Najua kinachokuuma. Kabeji zimefunga, nyanya zimeiva zote kwa wiki moja, plamu zinaanguka chini zenyewe, na dalali wa Karatina amekutajia bei isiyorudisha hata nauli ya matatu. Kuziuza unaona uchungu, kuzitupa unaona dhambi. Ndipo ukajiapiza kwamba utahifadhi zote, leo hii, peke yako. Hapo ndipo nakushika mkono.

Nia yako ni njema, na hujaanza wewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliweka kiwanda cha kukausha mboga papo hapo Karatina, na wakulima wakapeleka mazao yao yawe chakula cha wanajeshi. Vita vilipokwisha, kiwanda nacho kikafungwa, na wakulima wakabaki na mboga bila mnunuzi. Milima yetu haijawahi kutunyima chakula, mpenzi. Tabu inaanza mnunuzi akigeuka, kama nyumbani hapajui la kufanya. Kwa hiyo jifunzeni. Nimesema jifunzeni, sikusema jifunze.

Maana naijua hali ilivyo. Wewe unakesha na sufuria, baba watoto anatazama habari, watoto wamezama kwenye simu, na cucu, bibi yao, ameachwa chumbani kana kwamba hajui lolote. Saa sita usiku unapiga mlango kwa hasira, na asubuhi hakuna anayejua kosa lake. Mwezi ujao wakila ile jemu wakasema ni tamu, wewe moyoni unasema, "Kuleni tu, si nyinyi mliochoka." Usione aibu, wengi tumo humo. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na watu hawawezi kusaidia kazi ambayo hukuwaita.

Waite kabla hujachuma. Watoto wachague yaliyopasuka na yaliyooza, waoshe chupa, waandike tarehe kwenye vibandiko. Baba watoto apigilie kichaga cha mbao na kukiwamba neti ya kuzuia nzi. Kikitoka kimepinda, nyamaza! Ukimcheka leo, kesho hutamwona. Na cucu mpe kiti na heshima, umuulize walivyoweka njahi na mahindi ghalani, na majani ya maboga ya mukimo walivyoyapata wakati wa kiangazi. Atakueleza mengi, nawe utakuwa umemrudishia nafasi yake.

Sasa nisikilize kwenye kazi yenyewe, maana upendo bila maarifa unaweza kuwapeleka hospitalini. Kausha Januari na Februari, jua likiwa jua. Sukuma wiki ioshe, ikate, itumbukize kwenye maji yanayochemka dakika mbili, kisha kwenye maji baridi, halafu uitandaze nyembamba penye upepo na kivuli. Jua la moja kwa moja hula vitamini A. Ikivunjika mkononi kwa sauti, imekauka. Ikipinda tu, bado. Usiseme "itamalizikia kwenye mkebe", kwa sababu unyevu mdogo huzaa kuvu. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Walikula chakula cha nyumbani, walichokiamini.

Julai, ukungu ukishuka kutoka mlimani na nguo zikakaa siku tatu kambani, sahau kukausha. Huo ni wakati wa sufuria na chumvi. Matunda damu yafanye jemu, kilo ya matunda kwa kilo ya sukari. Kabeji ikate nyembamba, uipime, utie gramu 20 za chumvi kwa kila kilo, uifinye hadi itoe maji yake, kisha uishindilie izame chini ya maji hayo. Iache ichachuke taratibu, baridi yetu haina haraka, nawe usiwe nayo. Parachichi? Kuleni, gawieni jirani. Si kila kitu lazima kiingie kwenye chupa.

Na hapa nakaza sauti. Maharagwe mabichi, karoti na mboga za majani usizifunge kwenye chupa zenye maji kisha ukaziweka kabatini. Kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, na kwetu Nyeri maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 kama Mombasa. Humo ndani, pasipo hewa wala uchachu, hutoa sumu isiyo na harufu. Mtu huanza kuona vitu viwiliviwili, ulimi unakuwa mzito, pumzi inamkatikia. Nyanya za chupa nazo zitie siki, vijiko vinne vikubwa kwa lita, ndipo uzichemshe. Kifuniko kikivimba, usionje. Tupa mbali na watoto na kuku, hata kama ulikesha nayo. Najua utaona uchungu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Unaona sasa kwa nini sitaki uhifadhi gunia zima siku moja? Mtu aliyechoka husahau siki, hufunga mboga haijakauka, na huwapayukia watoto. Uchovu ule ule unaharibu chakula na unaharibu nyumba. Akiba haiozi, walisema wazee, lakini walimaanisha akiba iliyowekwa kwa utulivu.

Anza na ndoo moja tu Jumamosi hii. Zilizobaki uza kwa bei ile ile mbaya, au mpe mama wa jirani, na usijilaumu. Ndoo ikiisha kabla ya saa kumi, pikeni chai, mnywe pamoja. Na baba watoto akisema ana shughuli, mwambie dada yako amesema hiyo ndiyo shughuli, na nyundo iko nyuma ya mlango.