Talaka: Sababu Zake na Yanayobaki Nyumbani Baada Yake

Kila sifa njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Wanafunzi wetu wapenzi, pamoja na wazazi wetu mnaolisoma jarida hili nyumbani, mwaka huu tumeona tulete somo ambalo darasani huwa tunalipita haraka. Mlango wa talaka tunawasomesha vijana wa darasa la juu. Wanahifadhi nguzo zake tano, wanafanya mtihani, wanafaulu, basi. Huku chini, katika darasa la alifu na bee, wamekaa watoto ambao talaka wanaijua bila ya kuisomeshwa. Mmoja wao tulimpa karatasi akatiwe saini na mzazi. Akatuuliza, "Mzazi yupi, ustadhi?" Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Talaka ni kufungua kifungo cha ndoa kwa tamko. Imeruhusiwa. Ipo hadithi mashuhuri kwamba katika halali, inayochukiza zaidi mbele ya Allah ni talaka. Wajuzi wa hadithi wameipima sanadi yake na wengi wakaona ina udhaifu, lakini maana yake haigombani na mafundisho mengine. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Iblis huwatuma askari wake kuwafitini watu, na anayemsogeza karibu zaidi ni yule aliyerudi na habari ya kuwatenganisha mume na mke. Pamoja na hayo, dini haikumfungia mtu ndani ya dhiki. Mke wa Thabit bin Qays (R.A.) alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akasema hamlaumu mumewe kwa tabia wala dini, ila hawezi kuishi naye. Akaulizwa kama atarudisha shamba alilopewa kuwa mahari, akakubali, na mume akaamriwa amwache. Hii ndiyo khului, na wanawake wengi hawaambiwi kuwa ni haki yao kuiomba.

SABABU ZAKE

Ukimuuliza mtu kwa nini ameacha, atakutajia jambo la siku ile: chakula kimechelewa, mke amekwenda arusini bila ya ruhusa, ameona ujumbe katika simu. Sisi tuliokaa katika vikao vingi vya suluhu hatujaona ndoa iliyovunjwa na mchuzi uliozidi chumvi. Nyuma ya mchuzi pana mambo ya miaka.

La kwanza na kubwa ni matumizi. Mume hana kazi, au anayo lakini haachi kitu nyumbani, mke anakopa dukani mpaka anaona haya kupita. Hind bint Utba (R.A.) alimshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe, Abu Sufyan, hampi cha kumtosha yeye na mwanawe. Aliruhusiwa achukue katika mali ya mumewe kwa kiasi cha wema. Basi suala la pesa ya nyumbani si kelele za wanawake, ni haki iliyofikishwa kwa Mtume mwenyewe. Na mke naye anayemtaka mume wa mshahara mdogo ashindane na jirani, anabomoa kwa mkono wake.

Kuna wakwe na mawifi wanaoendesha nyumba isiyo yao. Kuna vipigo, kuna madawa ya kulevya, kuna ndoa za pili zilizofungwa kwa siri na uadilifu ukasahauliwa. Kuna ndoa za haraka, posa wiki hii na arusi wiki ijayo, wazee hawakuuliza lolote ila mahari. Zamani bwana harusi alisailiwa na bibi harusi akafundwa na somo wake siku nyingi. Siku hizi mafunzo yamekuwa ngoma na sare.

Lakini sababu moja inayotuhusu sisi walimu ni ujinga wa mlango wenyewe. Mwanamume amekasirika, anatamka talaka tatu kwa pamoja, au anaandika katika simu na kutuma. Asubuhi yuko mlangoni kwa ustadhi anatafuta njia. Kwa madhehebu manne, na yetu ya Shafi ni katika hayo, tatu za pamoja zimehesabiwa tatu. Wako wanazuoni, kama Ibn Taymiyya, waliosema ni moja. Sisi tunasema: kwa nini ujifikishe mahali pa kuhitaji ikhtilafu? Akishafika tatu, mke hawi halali kwake mpaka aolewe na mwingine ndoa ya kweli. Ile ya kupangwa ili amhalalishe imelaaniwa mwenye kuifanya na mwenye kufanyiwa.

Utaratibu wenyewe una subira ndani yake. Abdullah bin Umar (R.A.) alimwacha mkewe akiwa katika hedhi. Mtume (S.A.W.) alichukizwa, akaagiza amrejee, angoje atoharike, aingie hedhi nyingine, atoharike tena, kisha kama bado anataka amwache kabla ya kumgusa. Hesabuni wenyewe hizo ni siku ngapi. Hasira gani hukaa muda wote huo? Na kabla ya yote hayo Suratun Nisaa aya ya 35 imeweka wasuluhishi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke.

EDA INAKALIWA WAPI?

Hapa tungependa wazazi watusikilize zaidi. Mila yetu ya pwani, mwanamke akipewa karatasi tu, jioni ile ile ndugu zake wanakuja na gari kuchukua kitanda na vyombo. Suratut Talaq, aya ya kwanza, imekataza mume kumtoa nyumbani katika eda na imemkataza mke kutoka, ila akifanya uchafu wa wazi, na ikataja kuwa huenda Allah akaleta jambo jingine baadaye. Jambo hilo wafasiri wamesema ni kurejeana. Mwenye kupata hedhi eda yake ni tohara tatu, asiyepata ni miezi mitatu, mjamzito mpaka ajifungue. Muda wote huo, katika talaka rejea, chakula na makazi ni juu ya mume. Kwa madhehebu yetu hawachanganyiki kama mke na mume mpaka amrejee kwa tamko, lakini wako nyumba moja, watoto wako pale pale, na mtu anapata nafasi ya kujuta. Gari la vyombo linaondoa nafasi hiyo. Mama anayemlilia binti yake arudi nyumbani leo leo anadhani anamhurumia.

YANAYOBAKI

Mwanamke anarudi kwao na watoto watatu katika chumba alichokuwa akilala na dada zake. Kitoka nyumba, ile zawadi ya kumliwaza aliyeachwa iliyotajwa katika Suratul Baqara aya ya 241, wengi hawajapata hata kuiona. Mume naye tusimsahau. Wako wanaume waliobaki na nyumba tupu na aibu ya kuuliza habari za wanawe.

Mtoto hakupewa talaka na mtu. Baba anabaki ni baba, na matumizi ya mtoto hayafi pamoja na ndoa. Suratul Baqara aya ya 233 imekataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mtoto wake, wala baba kwa ajili ya mtoto wake. Katika fiqhi yetu malezi ya mdogo ni ya mama muda hajaolewa na mwingine, mpaka umri wa kupambanua, kama miaka 7, kisha mtoto huchagua. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni bora awe kwa mama, ila ithibitike vingine. Sheria hiyo hiyo inataka shauri lipite baraza la usuluhishi kabla ya mahakama, kwa hiyo karatasi iliyoandikwa barazani kwa kalamu ya wino haitoshi peke yake serikalini. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Akina mama, ulizeni.

Darasani tunayaona kwa macho. Mtoto aliyekuwa juzuu ya tano anarudi ya tatu. Anakuja siku za kwa mama, za kwa baba haji. Mwingine anakuwa mpiganaji. Tulikuwa tukiwachapa, Allah atusamehe, bila ya kuuliza.

Katika fomu ya kujiunga ya mwaka huu tumeongeza mstari wa pili wa jina la mzazi na namba yake ya simu. Tunaomba mjaze yote miwili, hata kama hamsemezani.

Wabillahi taufiq.