Mwiba Ukiingia Jichoni: Kipi Hurudi, Kipi Hakirudi

Huko Dirma, wilayani Hanang, mchungaji anayepita vichakani anaweza kuchomwa jicho na mwiba wa mgunga, na mkulima akakwaruzwa na jani la hindi wakati wa kuvuna. Wote wawili watauliza: nitaona tena? Ukali wa maumivu hautoi jibu. Konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, imejaa neva za maumivu. Retina iliyo nyuma haina hata moja. Mkwaruzo mdogo humkosesha mtu usingizi, ilhali retina inaweza kubanduka kimyakimya.

Konea ina unene wa kama nusu milimita, na haina mishipa ya damu, kwani damu ingezuia mwanga. Oksijeni huipata hewani kupitia machozi. Utando wake wa juu ni matabaka machache tu ya seli. Ukichubuka, seli za jirani hutambaa kufunika pengo, na nyingine huzaliwa pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Daktari hutia rangi ya chungwa, akamulika kwa taa ya buluu, na palipochubuka hung'aa kijani. Mara nyingi baada ya siku mbili tatu kijani hakipo tena, na mtu anaona kama zamani.

Mwiba ukizama, hesabu hubadilika. Chini ya utando huo zimo nyuzi za kolajeni, nyembamba mno, zimepangwa kwa nafasi zinazolingana, na mpangilio huo ndio unaopitisha mwanga. Mwili huziba jeraha kwa nyuzi mpya, ila huzipanga ovyo, mwanga ukatawanyika: ndilo kovu jeupe. Kidonda kimepona, kuona hakujapona. Kovu la pembeni halina neno kubwa. La mbele ya mboni linaweza kudai konea ya kupandikizwa.

Jani la hindi nalo huweza kuacha fangasi. Matone ya steroidi ya kujinunulia hupunguza wekundu, mgonjwa akafurahi, huku fangasi wakistawi. Dawa za kienyeji za kutia jichoni nazo zina rekodi mbaya: Yorston na Foster, katika utafiti wao wa Tanzania uliochapishwa 1994, walizihusisha na takriban robo ya vidonda vya konea. Na mwiba uliokwama usiung'oe. Funika jicho kwa kitu kigumu kisicholigusa, uende hospitali.

Lenzi, iliyo nyuma ya mboni, ikitobolewa huwa nyeupe: ndio mtoto wa jicho. Haijirekebishi, lakini hubadilishwa, na wazo hilo lilizaliwa na majeraha yenyewe. Daktari wa macho Harold Ridley aliona vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vikikaa machoni mwa marubani wa vita bila kuleta uvimbe. Mwaka 1949, London, akapandikiza lenzi ya plastiki hiyo.

Retina haina vipuri. Ikibanduka, seli zinazopokea mwanga hukosa lishe inayotoka nyuma yake na kuanza kufa, hivyo kuwahi hospitali ya rufaa kama KCMC, Moshi, ni sehemu ya tiba. Neva ya jicho, yenye nyuzi kama milioni moja, ikikatika kwa samaki huota tena. Kwa binadamu haioti.

Kwa mtoto mdogo kuna kazi ya ziada. Ubongo wake bado unajifunza kuona, nao hulipuuza jicho lililofifia. Hata lenzi mpya ikikaa vizuri, jicho lisiloumia huzibwa kwa saa kadhaa kila siku, ili lililoumia lilazimike kufanya kazi.