Kufundisha Hadithi ya Mwizi: Mfano wa Mnara wa Tembo

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha aghalabu huchagua hadithi ambayo shujaa wake ni mtu mwema. Kazi huwa nyepesi: wema hushinda, ubaya hushindwa, na kabla kengele haijalia funzo huwa limekwisha kuandikwa ubaoni. Lakini watoto wenyewe, wakipewa nafasi ya kuchagua, huomba hadithi ya mjanja: Sungura aibaye maji ya kisima, Abunuwasi awachezeaye wakubwa shere, Ali Baba aingiaye katika pango la wezi arobaini. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu asiikimbie hadithi ya mwizi, bali aifundishe kwa namna itakayomwachia mtoto fikira timamu juu ya wizi, na pia juu ya mtu aibaye.

Asili ya hadithi hizi

Hadithi za wezi ni za kale. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 K.K., alisimulia habari za ndugu wawili walioiba hazina ya mfalme wa Misri. Hadithi ya Ali Baba nayo ilisimuliwa mjini Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, mtu wa Aleppo katika nchi ya Shamu, naye Mfaransa Antoine Galland akaiandika.

Katika karne ya 20 tawi jipya lilichipua Marekani. Robert E. Howard, aliyezaliwa Texas mwaka 1906 na kufariki mwaka 1936, aliandika katika jarida la Weird Tales visa vya Conan, kijana kutoka milima ya kaskazini katika dunia ya kubuniwa. Mwaka 1961 mwandishi mwenzake, Fritz Leiber, alipendekeza hadithi za aina hii ziitwe za upanga na uchawi. Leiber mwenyewe aliandika habari za wezi wawili marafiki, Fafhrd na Gray Mouser, katika mji wa Lankhmar, ambako wezi wana chama chao chenye sheria na mkuu wake. Katika kisa chake cha mwaka 1970, Ill Met in Lankhmar, wawili hao wanawapokonya wezi wa chama mali waliyoiba. Usiku uo huo wapenzi wao wanauawa kwa uchawi wa chama hicho. Huo ndio ulimwengu wa hadithi hizi: vichochoro vya giza, vilabu vya pombe, panga, na kila faida ina gharama yake.

Kisa chenyewe

Kwa somo letu tuchukue kisa cha Howard kiitwacho The Tower of the Elephant, yaani Mnara wa Tembo, kilichotoka Machi 1933. Conan, angali kijana na mgeni mjini, anakaa katika klabu cha wezi. Anasikia habari za mnara wa kuhani mchawi Yara, wenye kito cha thamani isiyokadirika. Anauliza kwa nini hakuna aliyekiiba. Wezi wanamcheka.

Usiku huo anaingia katika bustani ya mnara na kumkuta Taurus, mwizi mashuhuri, aliyekuja kwa nia hiyo hiyo. Wanashirikiana. Taurus anawaua simba walinzi kwa unga wa sumu, na wote wawili wanapanda ukuta kwa kamba hadi juu. Huko Taurus anamtuma mwenzake aangalie upande mwingine, kisha anaingia mlangoni peke yake. Buibui mkubwa anamuuma, naye anakufa papo hapo. Conan anamuua buibui yule na kusonga mbele.

Katika chumba cha ndani anakuta kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa cha tembo. Anajitayarisha kupigana. Ndipo anapoona kwamba macho ya kiumbe yule hayaoni na viungo vyake vimevunjwa kwa mateso. Jina lake ni Yag-kosha. Alitoka katika nyota za mbali, akamfundisha Yara elimu yake, naye Yara akamlipa kwa kumfunga na kumtesa. Hofu ya Conan inageuka kuwa huruma. Kwa ombi la kiumbe huyo anamtoa uhai, ili nguvu zake ziingie ndani ya kito. Kisha anakipeleka kito kwa Yara na kukiweka mbele yake. Mchawi ananywea, anakuwa mdogo kama sisimizi, na kumezwa na kito kile. Kunapopambazuka mnara unabomoka. Conan anaondoka mikono mitupu.

Mahali pa kuuliza

Wanachuo wengi wangemaliza somo hili kwa sentensi moja: wizi ni mbaya. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini mtoto aliijua kabla hajaingia darasani, na kisa hakikuiongezea kitu. Tena si jibu la kisa hiki, kwa kuwa Conan hakuadhibiwa kwa kuiba. Aliacha kuiba. Kito kilikuwa mkononi mwake, mlango ulikuwa wazi, naye akakipeleka mahali alipoombwa. Mwalimu atafute mahali hapo, ambapo mwizi anaacha kukitamani alichokifuata, na swali lake kubwa aliweke hapo.

Jambo hili lina uzito kwetu kuliko linavyoonekana. Katika miji yetu ukelele wa "Mwizi!" hukusanya watu upesi, na watoto huwa miongoni mwa wanaokimbilia. Wapo walioona mtu akipigwa mawe kabla hajaulizwa jina. Mtoto aliyefundishwa tu kwamba mwizi ni mbaya hana neno la kumzuia asiokote jiwe. Aliyefundishwa kwamba wizi ni kosa, na kwamba aibaye ni mtu awezaye kuona huruma na kustahili huruma, analo neno hilo.

Hatua za somo

Somo hili lafaa madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa vipindi viwili vya dakika 40.

1. Utangulizi. Wanafunzi wataje wajanja wanaowafahamu katika hadithi. Mwalimu aulize: mjanja huyo alichukua nini, na nani alipata hasara?

2. Kusimulia. Mwalimu asimulie kwa kinywa chake mwenyewe, bila kusoma. Anyamaze Conan anapofungua chumba cha ndani. Wanafunzi wabashiri atafanya nini, na kila mmoja atoe sababu.

3. Majadiliano katika vikundi. Swali liwe moja: Conan alipata nini, na alipoteza nini? Mwalimu apite kila kikundi akisikiliza, wala asisahihishe maoni.

4. Ulinganishi. Taurus na Conan wote ni wezi. Kwa nini mmoja alikufa mlangoni na mwingine akatoka salama? Watoto wataona kwamba Taurus alitaka kumtangulia mwenzake.

5. Kuandika. Kila mwanafunzi aandike aya moja: Conan anarudi klabuni, na wezi wanamwuliza kito kiko wapi. Anajibu nini?

Zoezi la mwisho ndilo kipimo. Mtoto aliyeelewa atapata taabu kulijibu, maana wezi wale hawatasadiki.

Tahadhari

Mwalimu asikuze mambo ya damu. Kuhusu kifo cha Yag-kosha, kwa watoto yatosha kusema kwamba kiumbe yule alitoa uhai wake ili nguvu zake ziingie ndani ya kito. Katika klabu Conan anaua mtu kwa ugomvi. Sehemu hiyo iachwe.

Pili, asidhani kwamba hadithi zote za Howard zinafaa. Katika baadhi yake watu weusi wameelezwa kwa dharau iliyokuwa ya kawaida kwa waandishi wengi wa Marekani wa wakati wake. Kila kisa kisomwe chote kabla ya kupelekwa darasani.

Tatu, akitokea mtoto wa kusema kwamba angekichukua kito akaenda zake, mwalimu asimkaripie. Amwulize angekiuza kwa nani, na angemwambia nini kiumbe yule aliyepofushwa. Kisha amwache afikiri, na wenzake wamsikilize akijibu.