SALADI YA MBOGA ZA KUOKA KWA JIBINI NA NJUGU

Watu wengi wakisikia neno saladi hufikiri kachumbari, au majani mabichi yaliyo chakula cha hotelini. Lakini iko saladi ya mboga zilizookwa, nayo yaweza kupikwa kwa jiko la makaa katika nyumba yoyote ya Kabiria, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Mboga zake hupatikana katika soko la Kawangware lililo jirani.

Faida yake

Malenge na karoti zina rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto aikosaye vitamini hiyo huanza kushindwa kuona giza linapoingia, na akiachwa hivyo aweza kupofuka. Lakini rangi hiyo haipokelewi vema na mwili pasipo mafuta. Basi mafuta, jibini na njugu si pambo la sahani, bali ndivyo vinavyouwezesha mwili kupata faida ya mboga.

Vitu vitakiwavyo kwa watu 4

Malenge nusu kilo, karoti 2, bilinganya 1, pilipili hoho 1, kitunguu 1 kikubwa, mafuta vijiko 3, maziwa lita 1, malimau 2, njugu karanga konzi 2, na chumvi.

Namna ya kupika

1. Chemsha maziwa mpaka yafure, kisha epua. Tia maji ya limau vijiko 3 polepole huku ukikoroga. Yakishagawanyika, yachuje kwa kitambaa safi, tia chumvi kidogo, uyakamue. Mabonge yanayobaki ndiyo jibini.

2. Osha mboga, uzikate vipande vya ukubwa mmoja ili ziive pamoja. Zichanganye na mafuta na chumvi.

3. Zitandaze katika sufuria nzito, juu ya moto mdogo. Funika kwa bati, na juu ya bati weka makaa ya moto. Baada ya dakika 15 zigeuze, kisha ziache dakika 15 nyingine, hata kingo zake ziwe za kahawia.

4. Kaanga njugu pasipo mafuta, uziondoe maganda na kuzitwanga kidogo.

5. Pakua mboga, nyunyiza maji ya limau, kisha jibini na njugu juu yake.

Mambo ya kuangalia

Jiko liwekwe nje. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu katika chumba kilichofungwa.

Njugu zichaguliwe moja moja. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zilizo chungu zitupwe, maana ukungu huo waweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu, wala kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Akiba ya njugu iwekwe mahali pakavu.

Watoto wadogo wasipewe njugu nzima, zisije zikawapalia. Zao zisagwe kabisa.

Saladi hii huliwa ikiwa bado na joto, pamoja na chapati au ugali. Asiyepata malenge atumie viazi vitamu vya manjano. Faida ni ile ile.