Ukili wa Kwanza

Mtoto wa Tingi hulala juu ya mkeka tangu uchanga wake, naye hujua kwa kutazama tu upi umesukwa vizuri na upi vibaya. Basi siku aanzapo kusuka mwenyewe, bila mtu wa kumfundisha, hupata taabu. Ukili wake hupinda. Hapa mpana, pale mwembamba. Huufumua akaanza tena, akafumua mara ya pili na ya tatu, hata jua likachwa, naye hana ukili wala hana ukindu wa kufaa. Maana jani lililokunjwa mara nyingi hupasuka.

Sababu yake ni nini? Si uvivu. Jicho limetazama mikeka miaka kumi, lakini vidole vimeanza jana. Kwa hiyo jicho hutangulia, likavicheka vidole. Aibu ile aionayo mtoto si dalili ya kukosa kipawa. Ni dalili kwamba nusu ya kazi, yaani kutambua uzuri, amekwisha kujifunza.

Ukili uliopinda usiufumue, umalize. Kisha anza wa pili, na katika huo angalia kosa moja tu, labda upana wake. Makosa mengine yangoje zamu yao. Ule wa kwanza ushone kikapu cha kuchukulia mihogo, mihogo haitalalamika. Sisemi kazi mbovu iuzwe kwa bei ya kazi nzuri. Huo ni udanganyifu. Lakini kazi ya kujifunzia ina ruhusa ya kuwa mbaya.

Na katika kuchora ni vivyo hivyo. Kulikuwa na mtu wa kusini, jina lake Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam. Hakupata kusoma katika chuo cha uchoraji. Mwaka 1968 alianza kuchora, naye hakungoja apate vyombo vya mabingwa. Alitwaa vipande vya mbao za dari, na rangi ing'aayo kama ile ya kupaka baiskeli, akachora wanyama na ndege. Chui wake si sawasawa na chui wa mwituni. Mtu mwenye kupenda kufumua angalimfuta. Yeye alimaliza, akaweka picha kando ya njia kule Oyster Bay ziuzwe, akashika ubao mwingine.

Alikufa mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi hiyo. Katika muda huo alikwisha kuwafundisha vijana kadhaa, na mwaka 1990 wachoraji waliofuata njia yake waliunda chama cha ushirika. Hata leo uchoraji wa namna ile huitwa Tingatinga.