Jinsi ya Kuwasikiliza Ndege Wasafiri Usiku

Somo nililochagua halimo katika silabasi, lakini laweza kusomwa nyumbani bila kitabu. Sisi wa shule ya kutwa hapa tuna bahati. Wenzetu wa bweni kengele ya kulala ikilia ndiyo basi!

Ndege wengi wanaohama huruka usiku kwa sababu hewa huwa baridi na tulivu, hawaishiwi maji upesi, na mwewe wengi wamelala. Gizani huitana wasije wakapoteana. Huku kwetu Kilifi, karibu na hori ya Mida, wa kuanza naye ni sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda. Huzaliana mbali kaskazini, hata Urusi, na huanza kufika pwani yetu mnamo Agosti. Mlio wake ni mbinja fupi fupi, kama saba hivi, za sauti moja, zikifuatana mbio.

Zima redio, zima na taa ya nje. Keti uani, weka viganja nyuma ya masikio, usubiri nusu saa. Sasa hapa pana mtego. Sululu hula kaa hata usiku maji yakitoka. Mlio ukitoka chini, upande wa mikoko, na kurudia palepale, huyo yuko mezani bwana, hasafiri! Ukianzia juu, ukapita paa na kufifia upande wa pili, huyo ndiye msafiri.

Taa huwapoteza ndege. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu mwezi wa Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavuta ndege wengi mno. Tangu 1969 wataalamu huwanasa hapo kwa nyavu, wakawavisha pete na kuwaachilia.

Jambo lenyewe si mchezo. Hapa Kilifi wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mtoto akiwa mgonjwa na ndege akalia juu ya nyumba, wapo wanaouliza ni nani aliyemtuma. Mimi huwaonyesha daftari langu: saa, upande, upepo. Mnamo Aprili, kusi ikianza, milio huelekea kaskazini, msimu uleule majahazi ya zamani yalipotweka tanga kurudi Arabuni.